Mrejesho: mboji ya kantini ya chuo, harufu imekwisha

Wakuu, niliuliza kwa nini rundo letu la mboji, yaani mabaki ya kantini tunayoozesha yawe mbolea, linanuka mayai viza na kujaa funza. Waliosema limekosa hewa walipatia: ugali na wali ulioloa hushikamana kama udongo wa mfinyanzi, hewa haipiti.

Sasa kila ndoo 1 ya mabaki inachanganywa na ndoo 3 za majani makavu, na juu linafunikwa majani unene wa sentimita 10. Inzi hawana pa kutagia. Maranda ya mbao tumeyapunguza, yanachelewa sana kuoza. Rundo lina mita 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto.

Kipimo ni nondo: ichomeke katikati dakika 10, ikitoka haishikiki kwa joto, rundo linafanya kazi. Ikitoka imepoa, geuza rundo. Unyevu pima kwa kufinya konzi moja: matone mawili matatu yanatosha, yakichuruzika ongeza majani.

Aliyeshauri kumwagia chokaa, samahani mkuu, hapana. Chokaa hufukuza naitrojeni kama amonia, na hiyo ndiyo mbolea yenyewe.

Kinachosumbua bado ni vifuniko vya soda ndani ya mabaki. Ndoo ya pili, ya vifuniko hivyo, imewekwa pale pa kurudishia sahani.