Bonanza la ofisi bila watu kununiana, mnafanyaje?

Kijana wa Kizota
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma mjini, ofisi yetu ina watu 38. Bonanza la mwaka jana lilituachia kidonda. Uhasibu walicheza mpira na stoo, zawadi laki moja taslimu. Dakika za mwisho ikatoka penalti, na refa alikuwa dereva wa uhasibu. Mpaka leo kuna wawili wanapishana kwenye korido kama hawajuani, na vocha za stoo zinalala uhasibu siku tatu. Kina mama na wazee wetu walikaa kwenye viti vya plastiki toka saa nne hadi saa tisa, soda mkononi, bila mtu kuwauliza kama wangependa kucheza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwaka huu, Septemba, nimepewa mimi kuandaa. Nianzie wapi?

Mama Makole
Pole mdogo wangu. Anza kwa kuvunja timu za idara. Watu wanaogombania vocha wiki nzima, ukiwapanga uso kwa uso Jumamosi wanakuja na ugomvi wao uwanjani.

Mimi nilikusanya vizibo vya soda, nusu nikavipaka rangi nyekundu ya kucha, nikavitia vyote kwenye mfuko wa kitambaa. Ijumaa wakati wa chai nikapita meza kwa meza, kila mtu anaingiza mkono bila kuchungulia. Bosi akatoa chekundu. Mlinzi wa getini, mtu wa Mpwapwa, naye chekundu. Akakitazama kile kizibo, akakifumba kiganjani, akasema, "Basi mkurugenzi, kesho uwahi." Wiki nzima iliyofuata walikuwa wakisimama getini kuzungumzia timu yao.

Mchezo wa kwanza weka kuvuta kamba, wanane kwa wanane, mivuto mitatu, anayeshinda miwili amemaliza. Tafuta kamba nene ya katani, ya nailoni inachoma viganja. Na usimruhusu yeyote ajiviringishie kamba mkononi wala kiunoni, vidole vinavunjika hivyo. Hapo kuwa mkali hata kwa bosi.

Usiogope kuwachanganya wanene na wembamba. Kwetu aliyetushindisha ni binti wa masijala, mwembamba kabisa. Akiita "haya!" tunalala nyuma wote kwa pamoja, visigino vimezama kwenye mchanga, akinyamaza tunashikilia tu, hatuvuti. Upande wa pili walikuwa na wapakiaji wawili wa nguvu, ila kila mtu alivuta kwa wakati wake. Tuliwaburuta mara mbili.

Pesa taslimu usiweke. Walioshindwa wanawapakulia washindi pilau, halafu wote mnakula. Na mwanze saa moja na nusu asubuhi, jua la Dodoma na ule upepo wa vumbi unaujua.

Kete Sitini na Nne
Mama Makole amesema vizuri. Naongeza moja kwa ajili ya sisi wazee: bao. Si lazima lisubiri bonanza. Bandika ratiba kwenye ubao wa matangazo, mechi moja kila siku saa ya chakula. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Watazamaji watakuja wenyewe na sahani zao.

Kwetu aliyetufunga wote alikuwa katibu muhtasi, kafundishwa na babu yake huko Kondoa. Miaka sita tulikuwa tunampa barua achape, hatukujua. Alikuwa anaacha nyumba yake, lile shimo kuu la kulimbikiza kete, inenepe, unadhani amesahau, kisha anaitembeza mara moja na upande wako wa mbele unabaki mtupu. Siku hizi vijana wanamwamkia kwa heshima nyingine.

Asubuhi Mtumba
Ombi langu ni moja: msishindanishe kazi yenyewe. Ofisi niliyokuwa zamani walitangaza zawadi kwa atakayefunga mafaili mengi kwa mwezi. Watu wakachota mepesi. Ya mirathi, yenye wajane wanaosubiri, yakabaki kwa dada mmoja mwenye moyo wa kusikiliza. Kwenye ubao akatoka wa mwisho. Nilimwona akilisoma jina lake pale na sijasahau.

Kijana wa Kizota
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Vizibo naanza kukusanya kesho, kamba nitaitafuta soko la Majengo. Refa nitamwomba mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, hamjui mtu yeyote kwetu. Wale wawili wasiosalimiana nimetamani niwapangie timu moja kwa makusudi, Mama Makole unasemaje? Na Mzee Kete, bao la kuazima napata wapi?

Mama Makole
Usipange. Mkono uingie mfukoni wenyewe. Wakigundua umewapanga, wataununia na mfuko.

Kete Sitini na Nne
Njoo Jumapili saa kumi kwenye baraza letu, nakutumia ujumbe wa kukuelekeza. Chukua langu, la mninga. Lirudi na kete zote 64.