Tupeane uzoefu: ulipopeleka msaada kwenye kituo cha wasio na makazi

Mama Nuru: Kikoba chetu kinachangishana kwa ajili ya kituo cha watoto wa mitaani. Kusikia wenzangu wakisema "mchele na sukari, basi", nikakumbuka mwaka juzi. Tulibeba mchele kilo 100, matroni akashukuru, kisha akanivuta pembeni: "Dada, mchele unaota wadudu stoo. Wasichana 14 humu hawana pedi." Niliona aibu kweli.

Kibo75: Na chupi! Mitumba inajaa, chupi hakuna anayekumbuka.

Zamani Ilala: Mimi nililelewa kwenye kituo kama hicho. Miaka minne. Ramadhani na Krismasi magari yanapishana getini, tunakunywa juisi mpaka matumbo yanauma. Februari, uji wa chumvi. Siku moja wageni wakanisimamisha mbele nishike dumu la mafuta, lita 20, wapige picha. Mikono inatetemeka, naambiwa "tabasamu". Wiki ile ile mwanafunzi mwenzangu akaiona kwenye simu ya kaka yake. Wakaniita Dumu mpaka namaliza la saba. Mafuta tulikula na nashukuru. Ila harusini mpaka leo wakipanga picha, natoka nje.

Binti Tanga: Pole sana ndugu yangu. Nimelia kwenye daladala.

Mweka Hazina: Pole. Lakini bila picha wachangiaji watajuaje hela imefika? Mimi nimeshaitwa mwizi.

Mama Nuru: Piga picha magunia na risiti yenye muhuri. Uso wa mtoto wa nini?

Mweka Hazina: Muhuri unachongwa popote.

Kibo75: Sadaka ya mkono wa kulia, wa kushoto usijue.

Mweka Hazina: Yangu sawa. Hii ni ya watu 32!

Fundi Umeme: Ombeni namba ya mita ya kituo, muwanunulie LUKU, umeme wa kulipia kabla. Uniti haziozi, wala hakuna wa kuziuza tena dukani.

Babu Chole: Taslimu msitoe kamwe. Na ulizeni leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka. Afisa ustawi wa jamii atawaambia. Wazee wa makao ya Nunge, Kigamboni, nao msiwasahau. Kaeni nao, wana hadithi.

Binti Tanga: Mimi taslimu tu. Mtoto akiumwa usiku, matroni atalipa bodaboda kwa sukari?

Mama Nuru: Zamani Ilala, wewe ungetaka tulete nini?

Zamani Ilala: Chochote, ila mje Februari. Na mtuulize majina.

Mama Nuru: Kikoba kimekubali pedi na LUKU. La picha bado tunabishana.