Jenereta ya nyumba nzima Kigamboni: 10 kVA itatosha au ninunue 15?

Mkazi_Kgb

Habari za leo wakuu. Nyumba ipo Kigamboni, jirani na bahari, na umeme wa TANESCO ni fezi tatu. Nataka jenereta ya dizeli ya kubeba nyumba nzima umeme ukikatika. Vilivyopo: AC mbili za BTU 12,000 (za kawaida, si inveta), friji, friza, pampu ya kisima ya HP 1.5, taa, feni, TV, ruta, pasi, na shawa mbili za maji moto za kW 5.4 kila moja. Muuzaji mmoja kanipa 10 kVA ya fezi tatu, mwingine anasema nichukue 15 ili mashine isihemewe. Nimsikilize nani?

FundiMota

Mkuu, kabla ya ukubwa, achana kwanza na hiyo ya fezi tatu. 10 kVA ikigawanywa fezi tatu, kila fezi inabaki na kVA 3.3, yaani ampea 14 hivi. Pampu ya HP 1.5 ikiwa inazunguka inakula ampea 8 au 9, lakini wakati wa kuamka huvuta mara tano ya hapo, ampea 40 na zaidi kwa nukta chache. Kwenye fezi ya ampea 14 itanguruma tu bila kuzunguka, na waindingi (koili za shaba ndani ya mota) ndiyo huungulia hapo. Chukua singo fezi: ampea 43 zote zinakuwa sehemu moja.

Sasa mzigo. AC mbili W 2,400, pampu W 1,500, friji na friza W 350, taa na vingine W 500. Jumla W 4,750. Jenereta ya 10 kVA inatoa kW 8 (zidisha kwa 0.8), kwa hiyo utakuwa kwenye asilimia 60 hivi, pazuri kabisa kwa dizeli. Shawa zote mbili ni kW 10.8 peke yake, hata 15 kVA ingebakiwa na kW 1.2 tu. Hizo ziache upande wa TANESCO. Pasi ipigwe pampu ikiwa imezimwa.

Angalia kibandiko cha mashine: soma namba ya PRP, si ya ESP. ESP ni nguvu ya dharura tu, PRP ndiyo ya kufanyia kazi kwa saa nyingi. Na uchukue ya mizunguko 1,500 kwa dakika inayopozwa kwa maji. Za 3,000 zinazopozwa kwa hewa ni nafuu kununua, ila zina kelele na injini huchoka mapema.

Swichi_Kuu

Naongezea upande wa nyaya, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Usikubali fundi akuunganishie jenereta kupitia soketi, hata kwa siku moja. Umeme wako utatoka nje kupitia mita, utapanda transfoma kinyume na kuwa wa maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo akijua laini imekufa. Na umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, jenereta inateketea.

Weka chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta) ya pole nne, ampea 63, kati ya mita na boksi la breka. Pole ya nne ni ya nyutro (waya wa kurudishia umeme), nayo lazima ikatwe pia. Ukishaikata, nyutro ya jenereta ifungwe na arthi pale kwenye jenereta, pamoja na rodi yake ya arthi. Bila kifungo hicho, breka ya kuzuia shoti ya mtu haitaruka hata waya ukigusa bati la friji.

Kwa kuwa nyumba ni fezi tatu na jenereta ni singo, upande wa jenereta wa chenjiova fezi zote tatu zinaungwa pamoja. Inaruhusiwa endapo tu huna mota ya fezi tatu. Lakini ujue jambo hili: kwa TANESCO mikondo ya fezi tatu hupunguzana kwenye nyutro, kwa jenereta singo inajumlishana yote. Nyutro iwe nene sawa na fezi, shaba ya mm² 10, na breka ya ampea 40 ikae kwenye jenereta.

Mkazi_Kgb

Asanteni sana. Pampu yangu ina floti kwenye tanki, inawaka yenyewe. Ina shida? Na usiku tunaacha AC moja tu.

FundiMota

Ina shida. Umeme ukikatika, AC mbili, friza na pampu vyote vinasubiri. Jenereta ikishika, vinaamka kwa pamoja. Volteji inazama, mota haziamki, breka inaruka. Weka taima ya kuchelewesha kila AC dakika tatu na kuendelea, kila moja kwa muda wake (kompresa nayo inahitaji nafasi hiyo presha ishuke), na pampu iwe na swichi ya mkono.

Betri48

Hiyo ya usiku ndiyo inayonifanya nimkatalie mwenye 15 kVA. AC moja, friji, friza na feni ni kW 1.6 hivi. Kwenye 10 kVA ni asilimia 20, kwenye 15 ni 13. Dizeli ikikaa chini ya asilimia 30 kwa saa nyingi haipati joto la kutosha: mafuta hayaungui yote, masizi mabichi yanajaa kwenye ekzosi, kuta za silinda zinang'aa, injini inaanza kula oili.

Kama bajeti inaruhusu, chukua 10 kVA na uweke inveta ya kVA 5 (si ya AC, ni ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumba) na betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100. Betri hiyo ina kWh 5, unazotumia kweli ni 4.5. Bila AC, mzigo wa wastani wa W 300 unakwenda saa 15. Jenereta iwashwe jioni kwa muda wa saa mbili au tatu tu: inachaji kwa ampea 50 (kW 2.5) huku pampu na AC zinafanya kazi, mashine inapata mzigo wake halisi.

Swichi_Kuu

Mahali pa kuiweka jenereta: mita sita au zaidi kutoka dirisha lolote, kamwe si stoo wala gereji. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua mtu usingizini. Kwa Kigamboni pima upepo wa kusi na wa kaskazi, vyote viwili visirudishe moshi ndani. Chumvi ya bahari hula klampu za arthi na vichwa vya betri, kwa hiyo vipake grisi na uvikague kila mwezi, siku ileile unayoiwasha nusu saa ikiwa na mzigo.

Dukani usilipe mpaka uone imebebeshwa hita au birika za kW 6 kwa dakika 20. Bila mzigo inaweza kuonyesha Hz 52 (masafa ya umeme), ikibeba isishuke chini ya 49, na volti zibaki kati ya 220 na 240.