Morris Minor cc 1098: mipira ya hita iunganishwe, izibwe, au hita itengenezwe?

Msafiri_Tanga
Salaam, ndugu wapenzi wa magari ya zamani. Ninayo Morris Minor ya mwaka 1965 yenye injini ya cc 1098. Rejeta ndogo ya hita iliyo chini ya dashibodi imetoboka, na maji yanadondoka miguuni mwa abiria wa mbele. Kwa joto la Tanga sina haja kubwa ya hita. Nafikiria ama kuunganisha mipira miwili ya hita ili maji yazunguke bila kuingia ndani ya gari, ama kuondoa mipira yote na kuziba matundu yake, ama kuitengeneza hita irudi ilivyokuwa. Ipi ni salama zaidi kwa injini, hasa ninapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto?

Fundi_Kongwe, Dar es Salaam
Ndugu yangu, kabla ya kuchagua, angalia kwanza maji yanapita wapi injini ikiwa bado ni ya baridi. Themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) ikiwa imefunga, maji hayaendi kwenye rejeta kupitia mpira wa juu, lakini pampu haikomi kuyasukuma. Katika injini hii maji hayo hupita kwenye mpira mfupi wa baipasi, yaani njia ya mkato, uliobanwa kati ya pampu na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda). Njia ya pili ni hiyo ya hita: maji ya moto hutoka kwenye koki iliyo nyuma ya hedi, upande wa silinda ya nne, na kurudi kwa bomba la chuma hadi mpira wa chini wa rejeta.

Ikiwa baipasi yako ni nzima, mimi ningeziba. Ondoa koki, funga kibati kwenye zile stadi mbili (boliti zilizosimama) za koki kwa gasketi mpya, kisha ziba njia ya kurudia. Minor zilizotoka kiwandani bila hita zilikuwa hivyohivyo, na mipira inayoweza kupasuka njiani inapungua. Kuunganisha mipira kunafaa pia, ila maji yanayopita humo hurudi kwenye pampu bila kupozwa na rejeta. Ni kiasi kidogo, lakini kwenye mlima kama huo ningependa maji yote yapozwe. Ukiunganisha, iache koki mahali pake ili uweze kuifunga.

Mama_Traveller, Limuru
Mzee Fundi, kwa heshima, mimi naitetea hita. Huku kwetu mwezi wa Julai kioo cha mbele hujaa ukungu asubuhi, na bila hewa ya moto huoni barabara. Hata Lushoto kuna baridi. Rejeta ndogo ya hita ni ya shaba, kwa hiyo fundi wa rejeta anayejua kazi yake anaweza kuilehemu. Tena injini ikianza kuchemka mlimani, kufungua koki na kuwasha feni ya hita huondoa sehemu ya joto hilo.

Kijana_wa_Leicester
Nikubaliane na Mama. Huku Uingereza hakuna anayeziba hita akitarajia kuendesha gari wakati wa baridi. Kwa atakayeunganisha, nina neno moja tu: usikunje mpira ulionyooka ili upate kona kali, kwa sababu utajibana katikati na maji hayatapita. Tafuta bomba la shaba lililopindwa kama herufi U, lenye kipenyo cha milimita 13, ulifunge kwa klipu kila upande. Mpira uwe wa hita hasa, wenye nyuzi ndani, wala usiwe wa kumwagilia bustani.

Msafiri_Tanga
Nawashukuru nyote. Nimefungua boneti kuitazama hiyo baipasi na sikuikuta. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliondoa ule mpira mfupi na kuziba pande zote mbili. Je, ushauri unabaki uleule?

Fundi_Kongwe, Dar es Salaam
Haubaki, na nimefurahi umetazama. Ukiziba na njia ya hita sasa, maji yatakwama ndani ya hedi kila asubuhi mpaka themostati ifunguke. Sehemu za nyuma, ambako uchafu hupenda kujikusanya, ndizo zitakazopata joto kali, na Minor haikuja na geji ya joto la maji ya kukuonya. Rudisha baipasi kwanza. Upo mpira wenye mikunjo unaominywa na kuingizwa bila kufungua hedi wala pampu. Ukiukosa, unganisha mipira ya hita na uache koki wazi daima, au toboa matundu manne hadi sita ya milimita 3 kwenye ukingo wa themostati. Usishawishike kuitoa themostati kabisa.

Kwa kuwa unapanda Lushoto, naungana na Mama: lehemu hita, rudisha baipasi, na uachane na kuziba. Kabla ya kufunga mipira, toa maji yote kwa kufungua koki ya rejeta na ile ya kwenye bloku, kisha jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, maana maji matupu hula chuma. Mpira wa kurudia uunganishe mwisho: uinue, mimina kulanti humo taratibu koki ikiwa wazi mpaka mapovu yaishe, ndipo ufunge klipu. Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, kaza klipu zote tena.