Mama ana tansiyo (presha ya damu), muganga anataka kupima figo: vinahusiana vipi?

Binti wa Kadutu
Jambo wapendwa. Naandika toka Bukavu, naomba anayejua anisaidie kabla ya Ijumaa, siku tunayorudi kwa muganga.

Mama yangu ana miaka 58. Mwezi uliopita alishikwa na kizunguzungu akipanda toka soko la Kadutu, akaanguka, beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, likamwagika lote. Kituo cha afya wakampima: 180 kwa 110. Akapewa enalaprili, kidonge kimoja kila asubuhi. Tansiyo ilishuka hadi 145 kwa 90. Lakini tangu wiki ya pili anakohoa. Kikohozi kikavu, hakina kohozi, kinamshika usiku mpaka anaamka na kukaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani. Jirani alimwambia aache dawa. Leo siku ya nne hajanywa.

Tena muganga ameandika kipimo cha damu, kreatinini, na cha mkojo. Mama amekataa. Anasema figo hazimuumi, anakojoa vizuri, kwa nini atoe pesa ya figo wakati ugonjwa wake ni wa damu? Nilikosa jibu.

Baba Amani
Pole dada. Mpe maji ya limau na kitunguu saumu asubuhi. Mke wangu alipata nafuu.

Muuguzi Ibanda
Baba Amani, kitunguu saumu akile kwenye mboga, hakuna ubaya. Ila kwa 180 kisichukue nafasi ya dawa. Dada, usingoje Ijumaa. Kesho mrudishe mama akapimwe, na umwambie muganga wazi kwamba ameacha dawa na kwa sababu gani.

Sasa swali lako, maana ni zuri. Figo hazitengenezi mkojo tu. Kwenye kuta za vijishipa vinavyoingiza damu ndani ya figo kuna seli zinazohisi msukumo wa damu hiyo. Msukumo ukipungua, seli hizo zinamwaga renini. Renini inaikata protini fulani iliyotoka kwenye ini, inapatikana anjiotensini ya kwanza, ambayo bado haina nguvu. Ikipita kwenye mapafu, kimeng'enya kilicho kwenye mishipa ya huko kinaikata tena, inakuwa anjiotensini ya pili. Hiyo ndiyo kali. Inabana mishipa, inaleta kiu, na inaziamsha tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozifanya figo zizuie chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo, na tansiyo inapanda.

Mama aliyepoteza damu akijifungua, au mtu aliyeharishwa na kipindupindu, anaokolewa na kazi hiyo. Shida inakuja figo ikipata habari isiyo sahihi. Mwaka 1934 daktari Harry Goldblatt, huko Marekani, aliibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, na tansiyo yao ikapanda. Damu mwilini ilikuwa ya kutosha, ila kwenye figo ilifika kidogo, zikafanya kazi kana kwamba mwili mzima umeishiwa.

Enalaprili inakizuia kile kimeng'enya cha kwenye mapafu. Lakini kimeng'enya hicho pia ndicho kinachovunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Kikizuiwa, bradikinini inajikusanya na kuwasha njia ya hewa. Huenda kikohozi kinatoka hapo. Hata hivyo, kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu pia, msikiache. Na siku uso au midomo ikivimba kwa dawa hii, kimbieni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu maumivu: tansiyo inaweza kuharibu figo miaka mingi bila kuuma popote, na figo iliyoharibika inazidi kuipandisha tansiyo. Kreatinini inaonyesha kama uchafu unatoka vizuri kwenye damu. Protini ikionekana kwenye mkojo, huenda chujio la figo limeanza kuvuja.

Mzee wa Nguba
Kikohozi hicho nilikipata mimi. Muganga alinibadilishia losatani, dawa nyingine ya tansiyo, baada ya wiki tatu nililala usiku mzima. Asibadilishe mwenyewe farmasi, aandikiwe.

Mwanangu, nikuulize: mama hana dawa nyingine anayokunywa? Ya magoti, ya mgongo?

Binti wa Kadutu
Mzee, nimeenda kuangalia. Kwenye kitambaa anachofungia pesa nimekuta karatasi yenye vidonge saba vya diklofenaki. Anasema ni vya magoti, anakunywa viwili kila siku ya soko, tangu mwaka jana. Hakumwambia muganga kwa sababu hakuulizwa.

Muuguzi Ibanda
Aksanti Mzee, hapo umegusa penyewe. Diklofenaki na ibuprofeni zinazuia kemikali zinazosaidia mshipa wa kuingiza damu kwenye figo ubaki wazi, tena zinafanya mwili ushike chumvi. Zinapandisha tansiyo, na zikichanganywa na enalaprili zinaweza kuzidhuru figo. Aviache kuanzia leo, na karatasi hiyo uipeleke kwa muganga jinsi ilivyo. Kwa magoti, parasetamoli ni afadhali, kwa kipimo atakachopewa.

Kreatinini na potasiamu (madini yaliyo kwenye damu) zipimwe tena wiki moja au mbili baada ya dawa kuanzishwa au kubadilishwa. Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku, pamoja na ile ya makayabo (samaki wa chumvi) na ya kube za mchuzi.

Binti wa Kadutu
Nimemsomea yote kwa sauti. Aliposikia habari ya mbwa alinyamaza, akauliza kama hata yeye figo zake zinadhani damu imeisha. Nimemjibu kwamba kipimo ndicho kitakachotuambia hali yake. Amekubali, tunaondoka saa moja asubuhi.

Anauliza pia kuhusu sambaza kavu za chumvi. Akiziloweka?

Mama Furaha
Aziloweke usiku kucha, amwage maji, asuuze mara mbili. Ila sambaza mbichi za ziwani ni bora, azipike na nyanya na pilipili bila kube. Mtujulishe mkitoka huko.