Mashine ya flosaitometri ya pamoja: tuombe ruzuku, tuchangishane au tukodi?

Mratibu_Maabara
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia maabara ya pamoja ya utafiti chuoni kwetu. Mashine yetu ya flosaitometri, yaani ya kutambua na kuhesabu seli mojamoja kwa mwanga wa leza, ina leza mbili tu, ya buluu ya nanomita 488 na nyekundu ya 640, na imeshachoka. Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamivu alishinda nayo tangu asubuhi. Leza ilimzimikia mara tatu, na ilipotulia, seli alizokuwa amezitia rangi alfajiri zilikuwa zimeshaharibika ndani ya barafu. Damu ile ilitoka kwa wagonjwa ambao hawawezi kuombwa tena. Nilimwona amekaa na zile tyubu mkononi hana la kusema, na tangu siku hiyo sina amani.

Njia tulizonazo ni tatu: kuandika andiko la ruzuku ya vifaa vya pamoja, vitengo vinne kuchangishana, au kukodi kwa mkataba ambao kampuni inaweka mashine bila malipo na sisi tunajifunga kununua vitendanishi vyake, yaani kemikali za kufanyia vipimo. Tunahitaji leza nne, ikiwezekana tano. Aliyepitia lolote kati ya haya naomba anisaidie.

Seli_Moja
Pole sana mkuu, na umpe pole huyo kijana. Mimi nimeandika maandiko mawili ya S10, mpango wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, wa vifaa vya pamoja. La kwanza tulikosa, la pili tukapata. Mpango ule unataka watumiaji wakuu wasiopungua watatu wenye ruzuku hai za NIH, na haukilazimishi chuo kuchangia bei ya kununulia. Mkataba wa matengenezo baada ya dhamana kwisha, pamoja na mshahara wa opereta, hauvigusi. Chuo ndicho kinaahidi kwa barua kwamba kitavibeba.

Andiko la kwanza tuliorodhesha watumiaji 19, kila mmoja na aya mbili za kusifia mashine. Likaanguka. La pili tulibaki na sita, na kila mmoja akaonyesha jaribio lake linakwamia wapi: rangi ngapi, saa ngapi kwa wiki, na grafu ya mashine ya zamani ambapo makundi mawili ya seli yamegandana kama kundi moja. Wasomaji waliishika ile grafu. Kwa hiyo usiandike neno kabla hujatoa kumbukumbu za kuweka nafasi za mwaka mzima.

MamaKingamwili
Kuchangishana nakukubali, ila kwa maandishi. Sisi tulichanga vitengo vitatu kwa kuaminiana tu. Kitengo kilichotoa fungu kubwa kikajiona ndicho chenye mashine, na alipokuja mkuu mpya akaihamishia ghorofa yake, mlango ukawa na ufunguo mmoja. Tuliochanga tukawa tunabisha hodi kwenye mali yetu. Andikeni mapema kwamba mwenye mashine ni maabara ya pamoja, na mchango wa kitengo unanunua saa za matumizi, haununui mashine. Mkishindwa kukubaliana hilo kikaoni, msitoe hata senti.

Fundi_Leza
Mimi ni mtu wa matengenezo, nitasema ninachokiona kazini. Mkataba wa matengenezo kwa kawaida unakaribia asilimia 10 ya bei ya mashine kwa mwaka. Ikikaa miaka kumi, umelipa bei ya mashine ya pili. Tuseme mtauza saa 20 kwa wiki kwa wiki 48, yaani saa 960. Hapo kila saa inabeba karibu sehemu moja ya elfu kumi ya bei ya mashine, na mshahara bado hujaugusa.

Kukodi kwa vitendanishi kunafaa hospitali inayohesabu CD4 (seli za kinga) kila siku kwa kipimo kilekile. Mtafiti leo anatumia kingamwili hizi (protini zenye rangi zinazonasa seli anazotafuta), mwezi ujao zile, za kampuni tofauti. Mkataba ule utawabana, na msipofikisha kiwango cha manunuzi mtadaiwa kiasi kilichopungua.

Na opereta msimwache nje ya hesabu. Mashine nyingi ninazoitiwa hazijafa, ni chafu. Mtu wa mwisho Ijumaa anaondoka bila kupitisha dawa ya klorini na kisha maji safi. Jumatatu unakuta chumvi nyeupe imeganda kwenye sindano ya kunyonya sampuli, ngumu kama ukoko. Mwingine analeta seli zenye mabonge, hajachuja, mrija unaziba. Pasipo mtu wa kusimama pale, leza tano zitawafia kama zilivyowafia mbili.

Mratibu_Maabara
Nashukuru sana. Utawala unasema mshahara utatoka kwenye ada za watumiaji. Inawezekana?

Mhasibu_wa_Utafiti
Kwa saa 960 sioni, labda ada ipande hadi wanafunzi waikimbie mashine. Kuna jambo jingine ambalo watu wa maabara hawalioni mapema. Kwa kanuni za fedha za serikali kuu ya Marekani, mashine iliyonunuliwa kwa ruzuku yao huruhusiwi kuingiza uchakavu wake kwenye ada unayotoza ruzuku hizo. Maana yake ada haijengi akiba ya kununua nyingine. Mashine ya fedha za chuo au ya michango, uchakavu wake unaingia. Soma masharti ya mfadhili wako kabla ya kupanga ada.

Seli_Moja
Mhasibu yuko sahihi, nasi lilituuma. Nyongeza kuhusu leza: mwaka 2020 lilichapishwa jopo la rangi 40, yaani seti ya rangi zinazosomwa kwa pamoja, kwa mashine ya spektra inayosoma wigo mzima wa mwanga wa kila rangi, na tangu hapo kila mtu anaitaka. Angalia watumiaji wako. Wengi wakiwa kwenye rangi nane hadi 12, nunua ya leza tatu au nne inayoweza kuongezwa leza baadaye.

MamaKingamwili
Na kitenga seli, mashine inayotenganisha seli unazozitaka na nyingine, kiombeni peke yake. Hicho hakiachiwi mwanafunzi, kinataka opereta wake muda wote.

Mratibu_Maabara
Basi nimeamua. Kukodi naondoa. Mashine tutaiombea ruzuku, na michango ya vitengo vinne iende kwenye mkataba wa matengenezo na mshahara wa opereta kwa miaka mitano ya mwanzo. Naibu makamu mkuu wa chuo nitamwomba asaini barua kabla sijaandika ukurasa wa kwanza. Seli_Moja, jedwali lenu la saa za kila mtumiaji naweza kuliona?

Seli_Moja
Nakutumia leo, majina nimeyafuta. Ongeza safu ya saa zilizopotea kwa hitilafu, sisi hatukuwa nayo. Hiyo asubuhi ya kijana wako iwe mstari wa kwanza.