Je, Mto Nairobi unaweza kubeba mashua ya watalii?

Mwanzilishi wa mjadala (South C):
Tangu mradi wa kufufua mito ya Nairobi uzinduliwe Machi 2025, hatuwezi kuuzungumzia bila mtu kudakia: siku moja tutapanda mashua pale Globe, mzunguko wa barabara kando ya mto mjini, tushukie soko la Gikomba, kama watu wa Paris. Mimi napinga. Usafi wa mto naunga mkono. Hii ya kutanguliza mashua ndiyo siielewi.

Hiyo Paris yenyewe, zile mashua zake ziliundwa Lyon, zikapelekwa huko mwaka 1867 kwa maonyesho makubwa ya dunia. Zilikuwa matatu za majini: mtu anapanda, analipa nauli, anashuka. Treni ya chini ya ardhi ilipoanza mwaka 1900, abiria walizidi kupungua hadi biashara ikafa. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1949, Jean Bruel akaifufua kwa ajili ya wageni. Kwa hivyo mtalii alikuta mto una kina, una gati, umeshazoea vyombo.

Sasa simama darajani pale Gikomba mwezi wa Februari. Maji meusi, povu, matairi, magunia yamenasa kwenye mawe. Ikifika Aprili maji hayohayo yanabeba nyumba. Mathare 2024 tuliona wote. Ni nahodha gani atapitisha mashua hapo?

Buruburu:
Ndugu, umechagua Paris kwa sababu inakufaa. Nenda San Antonio, Texas. Ule nao ni mto mdogo, na mwaka 1921 ulifurika ukaua watu wapatao 50 katikati ya mji. Kuna waliotaka sehemu yake ifunikwe, igeuzwe mtaro. Msanifu Robert Hugman akaja na mchoro wake mwaka 1929: vijia, ngazi, maduka kando ya maji. Ujenzi ulianza 1939 ukamalizika 1941. Leo wageni wanazungushwa kwa mashua bapa kwenye maji yasiyo na kina kikubwa. Mto mdogo si hoja.

South C:
Umesahau kilichotangulia. Walijenga bwawa la Olmos juu ya mji kuzuia mafuriko, kisha wakachimba njia ya mkato ya maji ya ziada na kuweka malango ya kushikilia kiwango. Mashua ilikuja baada ya hayo yote. Kwetu mchoro wa mashua unakuja kwanza, bwawa hatulisikii.

Kibera, upande wa bwawa:
Bwawa tunalo, vijana. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 kwenye Mto Motoine liwe akiba ya maji ya mji, na watu wakaligeuza mahali pa burudani. Mashua za tanga, kabisa, hapa hapa Nairobi! Mnabishana kana kwamba mji huu haujawahi kuona kasia; hata Uhuru Park familia zilipiga foleni sikukuu watoto wazungushwe kwenye lile ziwa la kuchimbwa. Bwawa letu likajaa tope na taka, magugu maji yakalifunika. Mkitaka mashua, anzeni pale. Maji yametulia na mahali pa kutia nanga palishajulikana.

Korogocho:
Na hayo magugu yalinawiri kwa mbolea gani, mzee wangu? Kinyesi chetu. Nyuma ya ploti ninayoishi kuna bomba la plastiki la inchi sita, limefukiwa kwa mawe kidogo, linamwaga mtoni usiku na mchana. Mwenye nyumba husema laini ya majitaka haijafika. Imepita barabarani, nimeiona ikichimbwa, ila kuunganishwa ni gharama na mto ni bure. Bomba kama hilo halionekani kwenye mchoro wowote wa mashua. Nyumba zetu sisi ndizo zilionekana: 2024 amri ya kuondoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni ilikuja na tingatinga.

Buruburu:
Dada, hilo bomba ndilo linanifanya niitetee mashua. Joto la mwaka 1858 lilipochemsha uchafu wa Thames, harufu iliingia hadi Bungeni London. Mapazia yalilowekwa dawa, haikusaidia. Waheshimiwa walikuwa wamechelewesha mfumo wa majitaka kwa miaka. Siku hizo chache za uvundo zikatosha, sheria ikapita, mhandisi Bazalgette akapewa pesa. Wakubwa wetu huvuka mto wakiwa na vioo vya gari juu. Wapakie mashuani saa moja tu, Julai, waende polepole.

Korogocho:
Hapo nakubali. Ila wapitie nyuma ya ploti yetu kwanza, wasiishie Globe.

South C:
Saa moja hiyo sipingi. Mashua itaelea wapi, bado hamjasema.